Baa ya boneti au bushi za chini? Neno langu kwa wenye Subaru wa Songea

Leo siandiki habari za mbolea ya ruzuku wala kikao cha madiwani, hizo mtazisoma gazetini. Leo naandika kuhusu chuma.

Kuna chuma kimoja cha kung'aa, mara nyingi chekundu au cha bluu, ambacho vijana wa hapa mjini wenye Impreza na Altezza hawalali mpaka wakipate. Kinafungwa chini ya boneti, kinatoka kichwa cha shokapu ya kushoto mpaka kichwa cha shokapu ya kulia. Wenyewe wanakiita strati baa, au "baa" tu. Ukifungua boneti pale Majengo na baa ipo, watu wanasogea kuangalia. Ukifungua na baa haipo, wanaendelea na soga zao. Kwa hiyo kijana anajinyima mwezi mzima, anaagiza kutoka Dar, inakuja kwa basi ikiwa imefungwa kwenye boksi kama sanamu ya kanisani.

Swali langu ni jepesi. Kile chuma kinafanya kazi gani? Na je, kwa mtu anayeendesha gari hapa kwetu Ruvuma, kinastahili pesa inayokwenda?

Mwenye haraka nimpe jibu langu aende zake: kwa magari mengi yaliyopo hapa mjini, hakistahili. Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi ni utapeli. Kukaza bodi ya gari ni jambo la kweli, viwanda vinafanya, timu za mbio zinafanya, na hesabu yake ipo. Ninachosema ni kwamba kwenye foleni ya matumizi kile chuma kinatakiwa kusimama namba saba au nane huko nyuma, na vijana wetu wamekipeleka dirishani.

Tuanze na gari lenyewe. Magari ya zamani, na malori mpaka leo, yana fremu chini na bodi imewekwa juu yake kama nyumba juu ya msingi. Magari madogo tunayoendesha hayana fremu hiyo. Bodi yenyewe ndiyo fremu. Mabati yamekunjwa na kuunganishwa kwa maelfu ya nukta za kuchomelea mpaka yakawa kitu kama boksi. Waitaliano wa Lancia walianza biashara hii mwaka 1922 na gari lao la Lambda, Wafaransa wa Citroën wakaieneza kuanzia 1934 na Traction Avant, na leo ni nadra kukuta gari dogo jipya lisilojengwa hivyo.

Boksi la bati, hata liwe zuri namna gani, linasokotwa. Chukua boksi la viatu bila mfuniko, shika pembe mbili uzungushe, utaona. Rudisha mfuniko, zungusha tena, linakuwa gumu. Ndiyo maana gari lisilo na paa ni laini kuliko pacha wake mwenye paa, na ndiyo maana kioo cha mbele kilichogandishwa kwa gundi nacho kinabeba sehemu yake ya ukakamavu. (Wale mnaobandika kioo kwa gundi ya kuungaunga pale barabarani, mmesikia.)

Sasa kwa nini mtu asitake bodi isokotwe? Kwa sababu aliyechora gari alipanga springi, shokapu na stabilaiza ndizo zifanye kazi ya kulegea na kurudi. Zile unaweza kuzipima, kuzibadilisha, kuzipanga mbele na nyuma upendavyo. Bodi ikianza nayo kulegea inakuwa springi ya tano ambayo haina shokapu. Gari linaingia kona, usukani umeshakata, lakini sehemu ya nyuma inasubiri kwanza bodi ijinyooshe. Dereva anasema gari "linachelewa".

Mpaka hapo wenye baa wana haki kabisa. Tatizo linaanza tukiuliza: kwa kiasi gani?

Hapa nawaomba mvumilie hesabu kidogo. Fikiria springi mbili zimefungwa mfululizo, moja chini ya nyingine, unavuta. Ile laini ndiyo inayonyooka zaidi. Sasa tuseme, kwa mfano tu, bodi ya gari lako ni kakamavu mara 10 kuliko springi na stabilaiza zake. Kati ya sehemu 11 za kulegea, 10 zinatoka kwenye springi na 1 kwenye bodi, yaani kama asilimia 9. Ukafanya miujiza ukaongeza ukakamavu wa bodi mara mbili, jambo ambalo baa moja ya boneti haiwezi hata kuota, sehemu ya bodi inashuka mpaka moja katika 21, asilimia 5 hivi. Umehangaika kote huko kwa tofauti ya asilimia 4.

Chukua gari lilelile, funga springi za mashindano ngumu mara tatu. Sasa bodi inakula sehemu 3 katika kila 13, asilimia 23. Hapo ukiikaza mara mbili inashuka mpaka 13, na dereva mzuri atalisikia hilo kiunoni. Hii ndiyo siri yote. Kukaza bodi kunalipa kadiri springi zako zilivyo ngumu na matairi yako yanavyong'ang'ania lami. Gari lenye springi za kiwandani zilizochoka, lililokwishabeba familia za Osaka kwa miaka 15 kabla ya kubeba za Mfaranyaki, bodi yake ni kakamavu kupita kiasi ukilinganisha na uteke ulioko chini.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Baa ya boneti haizuii bodi kusokotwa kwa kiasi cha maana. Kazi yake ni kuzuia vichwa viwili vya shokapu visisogeleane au kuachana. Hilo lina maana kwenye gari ambalo shokapu ndiyo nguzo inayoshika gurudumu kwa juu, maana nguvu ya kona inapanda kwenye ile nguzo na kusukuma kichwa chake. Impreza ya kwanza ya mwaka 1992 na ile ya pili iliyotoka 2000 zimejengwa hivyo, mbele na nyuma. Kwa hiyo mwenye Impreza ana hoja.

Lakini mwenye Altezza? Ndugu yangu, Altezza ina mikono miwili kila gurudumu, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Mark II ya GX100 vilevile. Nguvu ya kona inaingia kwenye ile mikono, na kichwa cha shokapu kinabeba zaidi uzito wa kwenda juu na chini. Ukifunga baa pale juu umefunga pambo. Ni sawa na kufunga mkanda juu ya kanzu. Utapendeza, ila suruali haishikiliwi na kitu.

Na hata kwenye Impreza, angalia baa yenyewe. Impreza yenye tabo ina kipoza hewa kimekaa juu ya injini, kwa hiyo chuma lazima kipinde kupita juu yake. Chuma kilichopinda, ukikisukuma ncha zake, kinajikunja zaidi au kinajikunjua. Na nyingi za bei nafuu zina bolti ya kuzunguka kila mwisho, mahali baa inapokutana na sahani. Kiungo kinachozunguka ukikiongezea chuma kilichopinda unapata kitu kinachong'aa sana na kuzuia kidogo.

Mshkaji wangu mmoja, tuliyepanda wote daladala za Mlimani na sasa ana Impreza ya tabo, hakubaliani na mimi hata kidogo. Anasema alipofunga baa ya kuazima usukani ulikuwa mkali. Nikamwambia tupime. Tulichukua vipande viwili vya bomba jembamba, kimoja kinaingia ndani ya kingine, tukavifunga kati ya vichwa vya shokapu bila baa, tukavisha kipete cha mpira pale vinapoingiliana. Bomba likisogea linasukuma mpira, likirudi mpira unabaki palepale. Kifaa cha bei ya soda mbili. Akaenda nalo barabara ya Mbinga, kwenye zile kona baada ya Peramiho, akarudi. Mpira ulikuwa umesogea chini ya unene wa njiti ya kiberiti. Tuseme milimita moja hivi.

Milimita moja ni nini? Ikiwa kutoka kichwa cha shokapu mpaka boljoint ya chini ni kama milimita 600, kichwa kikisogea milimita 1 gurudumu linainama kwa moja ya kumi ya digrii. Moja ya kumi! Siku hiyohiyo fundi alilinyanyua gari kwa jeki, akachomeka mtaimbo kwenye bushi ya nyuma ya mkono wa chini, akasukuma. Mkono ule ulicheza mbele na nyuma hata mimi niliyesomea uandishi wa habari nikaona kwa macho bila miwani. Mpira wa bushi ulikuwa umepasuka pande zote. Mshkaji akanyamaza. Fundi, mzee wa watu mwenye maneno machache, akamwambia, "Mwanangu, unafunga mlango wa juu wakati ukuta wa chini haupo."

Mshkaji alijitetea, na nitautaja utetezi wake kwa haki. Alisema, sawa, bushi zitabadilishwa, lakini ule ukali wa usukani aliousikia si wa kufikirika. Nakubali kwamba alisikia kitu. Ila kufunga baa kunaanza na kukaza upya nati za vichwa vya shokapu, na nati zilizolegea zikikazwa peke yake unasikia tofauti. Pia mtu aliyelipia kitu husikiliza kwa sikio la aliyelipia. Kama kweli anataka kujua, dawa ipo: mwenzake afunge au aifungue usiku bila kumwambia, asubuhi aendeshe aseme ipo au haipo. Mpaka leo hajakubali huo mtihani.

Sasa tuje barabarani, maana gari haliendeshwi kwenye makala. Hapa kwetu barabara ya lami kwenda Makambako ilijengwa miaka ya 1980, na ukitoka Songea kwenda Njombe lazima upite kona za Lukumburu. Upande wa pili lami imeshafika Tunduru, na kule ziwani imeshafika Mbamba Bay. Ni barabara tamu kwa mwenye gari la spidi, sikatai. Lakini juu ya barabara hizo hizo yanapita malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, na lami inapolemewa inajitengenezea mifereji miwili pale yanapopita magurudumu. Mvua zetu zikianza mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili, ile mifereji inajaa maji.

Niambieni, mtu anayeshuka Lukumburu kwenye mvua, mbele lori, pembeni korongo, anaokolewa na nini? Anaokolewa na tairi, halafu breki, halafu shokapu inayolibakiza tairi chini lisirukeruke. Hizo ndizo zinazoamua kama atafika Njombe au atafika gazetini, na mimi habari za namna hiyo nimeandika za kutosha. Sijawahi kuandika ajali ambayo trafiki alisema chanzo ni vichwa vya shokapu kusogea milimita moja. Tairi vipara, hizo nimeandika.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza baa, kachuchumae usome tairi zako. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314, tairi lile lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa, halijalika, na mpira wake umekakamaa kama kwato. Nimekuta Impreza moja hapa mjini ina baa ya mbele, baa ya nyuma, ekzosi ya kuamsha maiti, na tairi nne za mtumba za umri tofauti, kila moja na jina lake. Mwenyewe anaita gari la mbio.

Watu watanijibu: mbona magari ya mbio yanakazwa? Ni kweli, na hapa ndipo ninapopapenda. Safari Rally ilianza 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu zamani mafundi walijua kwamba bodi ya kiwandani ikikimbizwa kwenye mashimo kwa siku kadhaa inaachia kwenye viungo. Walichomelea upya, wakaongeza mabati pale nguvu inapoingilia. Na magari mengine yalipita kwa njia tofauti. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na sifa yake kubwa ilikuwa springi laini zenye safari ndefu, gurudumu linashuka ndani ya shimo na mwili wa gari hauna habari. Subaru Impreza ya Colin McRae iliyoshinda 1997, na ile ya Richard Burns iliyoshinda 2000, hazikukazwa kwa kijichuma cha boneti. Ndani mlikuwa na ngome ya mabomba iliyounganishwa na bodi, inamlinda dereva na inakaza gari zima kwa mpigo mmoja. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha ilikuwa hadithi hiyohiyo, na kuanzia 2022 magari ya daraja la juu yaliruhusiwa kujengwa kwa mifupa ya mabomba kabisa, bodi ya kiwandani ikabaki sura.

Kwa hiyo kijana wa Songea anayetaka kwenda Iringa kwenye Mkwawa Rally, huyo sina ugomvi naye. Achomelee, aweke ngome, akaze mpaka achoke. Ana springi ngumu, ana tairi jipya, ana helmeti, ana sababu. Nazungumza na anayetoka Lizaboni kwenda kazini, mwenye tochi ya trafiki inayomsubiri kwenye kilometa 50 kwa saa.

Na tena si kila ugumu ni nguvu. Simama njia ya Mbinga uangalie Fuso iliyojaa kahawa ikitoka mtaroni. Kabini inaelekea huku, tela la nyuma linaelekea kule, fremu imesokotwa katikati kama nguo inayokamuliwa. Haivunjiki. Imetengenezwa isokotwe ili magurudumu yote yabaki chini. Ndiyo maana watengenezaji wa malori wanakataza mtu kuchomelea ovyo juu ya ile fremu, kwani ukikaza sehemu moja, mpasuko unazaliwa pembeni pale ugumu unapoishia.

Hilo la kuchomelea ndilo linaloniumiza kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike. Kwa kuwa baa za dukani ni ghali, siku hizi kuna vijana wanachongesha za kwao. Bomba la maji, sahani mbili, mashine ya kuchomelea, na sahani zile zinachomelewa moja kwa moja juu ya vichwa vya shokapu. Jamani. Bati la pale lina unene wake na joto lake. Ukilichoma kwa mkono wa kuchomea mageti unalidhoofisha pembeni ya mshono, rangi inaungua upande wa ndani usiouona, kutu inaanza, na mashimo ya barabara zetu yanapiga palepale kila siku. Magari mapya ndiyo mabaya zaidi, maana yana vyuma maalumu vilivyopata nguvu kwa joto la kiwandani, na joto la gereji linazirudisha nyuma. Wengine wanachomelea bila hata kuchomoa betri. Mbele ya gari pia ilichorwa ikunjwe kwa mpango wakati wa ajali, ikimeza nguvu kabla haijafika kwenye magoti yako. Vyuma vya kubuni chini ya injini vinaweza kuuharibu huo mpango. Baa ya kufunga kwa bolti, hata ile isiyo na faida, unaifungua siku ukichoka. Ya kuchomelea hairudi.

Kama bado una wasiwasi kuwa bodi yako imelegea, nyanyua kona moja ya mbele kwa jeki mpaka gurudumu liache ardhi, halafu fungua na kufunga milango yote taratibu. Ikifunga kama kawaida, bodi yako ni nzima, kale ugali. Ikikwaruza au kugoma, huna haja ya baa. Una gari lililogongwa likanyooshwa, au lililooza chini, na hapo unahitaji fundi bodi na pengine mnunuzi.

Utaratibu wangu, kwa anayetaka, ni tairi, breki, shokapu, bushi, boljoint na tairodi, kisha alaimenti. Baada ya hapo kama gari lako ni Impreza, umefunga springi ngumu na pesa imebaki, funga baa iliyonyooka isiyo na viungo vya kuzunguka. Mwenye Altezza na Mark II anywe soda.

Mshkaji wangu bushi zake zimefika juzi na basi la usiku. Baa mpya aliyokuwa ameshailipia nayo imefika, bado iko kwenye boksi chini ya kitanda. Ananitumia ujumbe anauliza kama bushi za mpira ni bora kuliko zile ngumu za plastiki za mashindano. Kwa barabara hii? Za mpira, kaka, na chukua za kampuni iliyotengeneza gari.